Ua la Pwani Lenye Jina la Ugenini

Pwani ya Kenya ina misimu miwili ijulikanayo na kila mwenyeji, kusi na kaskazi. Pepo za kusi huanza kuvuma mnamo mwezi wa Aprili, zikileta mvua ya masika na ubaridi kidogo. Pepo za kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka, zikileta joto na jua kali. Wakati huo ardhi hukauka, nyasi za uwanjani hugeuka rangi ya kahawia, na watu hutafuta kivuli tangu saa nne ya asubuhi. Lakini ndio wakati uo huo ambapo bustani za Mombasa, Kilifi na Kwale, zile zinazonyweshwa maji kwa uangalifu, hujaa maua mekundu, ya manjano na ya waridi. Mengi katika hayo ni maua ya haibiskasi.

Kwa watu wengi haibiskasi ni mmea wa ua wa nyumba tu. Hupandwa mbele ya nyumba, kando ya shule na ofisi, hukatwa kwa mkasi mkubwa hata ikawa ukuta wa majani, na wapita njia hupita karibu nayo kila siku bila ya kuitazama. Tena hudhaniwa kuwa ni mmea wa kigeni, ulioletwa na watu wa ng'ambo ili kupamba nyumba zao. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Na nusu ya pili, isiyojulikana sana, ndiyo inayostahili kuelezwa.

Haibiskasi ni ya ukoo mmoja na bamia na pamba. Mkulima aliyepata kulitazama ua la bamia asubuhi, lenye petali tano za manjano na doa jekundu lililoiva kitovuni, amekwisha kuiona sura ya ukoo huo: petali tano, na katikati kijiti kilichobeba chembe za chavua. Wataalamu wa mimea siku hizi huuhesabu hata mbuyu katika ukoo huo. Basi haibiskasi si mgeni asiye na ndugu katika Afrika. Ndugu zake wamo shambani na jikoni.

Ile haibiskasi ya kawaida, yenye ua kubwa lililokunjuka kama sahani, kweli ilitoka ng'ambo. Mtaalamu Linnaeus wa Sweden aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1753 kwa jina la Kilatini ambalo maana yake ni waridi la China. Ililimwa katika bustani za Asia muda mrefu kabla ya Wazungu kuiona, na leo imeenea katika kila nchi ya joto. Watu wa Malaysia huiita bunga raya, nao waliifanya ua la taifa lao mwaka 1960.

Lakini iko haibiskasi ya pili. Ua lake halitazami juu wala mbele, bali huning'inia chini kwa kikonyo kirefu na chembamba, mfano wa taa iliyotundikwa darini. Petali zake tano, nyekundu au za waridi, zimechanikachanika kama matamvua ya shali, nazo hujikunja kurudi juu hata ua likafanana na mpira mdogo wa nyuzi. Kutoka katikati hushuka kijiti kirefu kuliko petali zenyewe, chenye chembe za chavua karibu na ncha yake. Kichaka chake chaweza kupata urefu wa mita 3 na zaidi, na matawi yake membamba huinama kama upinde. Upepo mdogo ukipita, maua yote hucheza.

Ua hili wenye bustani wa Kiingereza wamezoea kuliita taa ya Kijapani. Nalo halikutoka Japani kamwe. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Ni mzaliwa wa hapa hapa, ambaye amekwenda ugenini, akapewa jina la kigeni, kisha akarudi nyumbani na kupokewa kama mgeni.

JINSI LILIVYOSAFIRI

Habari za safari ya ua hili zinafungamana na mtu mmoja aliyeandikwa sana katika historia ya Unguja. Dr. John Kirk, mzaliwa wa Scotland, alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Mwaka 1866 alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza, na baadaye akawa balozi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa balozi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kirk alipenda sana mimea. Huko Mbweni, nje ya mji wa Unguja, alikuwa na shamba lenye bustani aliyoijaza miti ya namna nyingi, na mimea aliyoikusanya pwani aliipeleka katika bustani kuu ya Kew, karibu na London. Miongoni mwa mimea hiyo ilikuwamo haibiskasi hii yenye petali zilizochanika.

Mwanzoni wataalamu wa Kew walidhani kuwa ni aina tu ya lile waridi la China, na mwaka 1879 wakaiandika hivyo. Lakini mwaka uliofuata, 1880, Sir Joseph Hooker aliitenga na kuipa nafasi yake yenyewe kwa jina la Hibiscus schizopetalus, maana yake, haibiskasi ya petali zilizopasuka. Picha yake ilitolewa katika gazeti la mimea la Curtis.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Kirk alikuwa pia mmoja wa wapiga picha wa mwanzo katika sehemu hii ya Afrika. Picha alizopiga huko Zambezi zimehifadhiwa mpaka leo. Lakini kamera ya siku zile haikuweza kulitendea haki ua jekundu. Vioo vya picha vya wakati huo havikuhisi nuru nyekundu, na kila kitu chekundu kilitokea cheusi. Kwa hiyo watu wa Ulaya waliuona uzuri wa ua hili kwa mkono wa mchoraji, si kwa kamera, na rangi zilitiwa kwa brashi katika kila nakala, moja baada ya moja.

Tangu hapo ua likaenea. Wapandaji wa visiwa vya Hawaii, walipoanza mwanzoni mwa karne ya 20 kuchanganya haibiskasi za nchi mbalimbali ili wapate maua mapya, walitumia hii ya Afrika ya Mashariki kuwa mmoja wa wazazi, pamoja na zile za China na za visiwa vyao wenyewe. Hawaii ilipenda maua haya hata mwaka 1923 ikayafanya kuwa ua la nchi. Na mwaka 1988 sheria ikataja hasa ile haibiskasi ya manjano ya asili ya visiwa hivyo. Ndiyo kusema kwamba katika baadhi ya maua makubwa yanayouzwa leo kwa bei ghali, yenye majina ya fahari, imo damu ya kichaka cha pwani ya Waswahili.

Katika nchi za Ulaya, ambako theluji huanguka, haibiskasi hizi za nchi za joto huchanua nje wakati wa kiangazi tu, na baridi ikija huingizwa katika nyumba za vioo zisije zikafa. Mtu wa Mombasa hana taabu hiyo. Kwake yeye kiangazi hakiondoki kabisa, na kinachohitajika ni maji na kivuli kidogo.

MAKAO YAKE YA ASILI

Msafiri atakaye kuyaona makao ya asili ya ua hili huvuka Likoni kwa feri, akashika njia ya kusini, kisha akapinda kulia kuelekea Kwale. Minazi na mikorosho huanza kubaki nyuma, barabara hupanda, na hewa hubadilika. Mji wa Kwale uko ukingoni mwa milima ya Shimba, na mtu akigeuka nyuma huiona bahari imelala mbali chini yake. Hifadhi ya milima hiyo iliwekwa kwa sheria mwaka 1968. Humo wamo tembo, na ndipo mahali pekee katika Kenya ambapo palahala huishi porini.

Misitu ya pwani ya namna hii, yenye kivuli chepesi, miamba na vijito, ndiyo iliyoilea haibiskasi hii. Lakini misitu hiyo siku hizi imebaki vipande vipande. Mingi ilikatwa kwa ajili ya mashamba, mbao na makaa. Katika sehemu kadha wa kadha, iliyosalia ni ile ambayo wazee wa Kimijikenda waliikataza isikatwe, yaani misitu ya makaya. Makaya kadhaa, pamoja na Kaya Kinondo karibu na Diani, yaliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mgeni aingiaye Kinondo hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuongozwa na mwenyeji, wala haruhusiwi kuchukua hata jani.

Kanuni hiyo ya wazee yawafaa pia wapenda maua. Mtu aking'oa kichaka msituni, aghalabu hufa njiani kwa kukatika mizizi, na msitu nao umepungua. Hapana haja ya kufanya hivyo, kwa kuwa mmea huu hupatikana katika bustani nyingi na katika vitalu vya miche vya Mombasa. Msituni mtu na achukue picha tu. Kijiti na akiombe kwa jirani.

KUPANDA NYUMBANI

Kuomba kijiti ni desturi ya zamani ya pwani, nayo ina adabu zake. Kijana hupiga hodi mlangoni, akikaribishwa husema, "Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba kijiti cha ua lako." Naye Bibi hujibu, "Marahaba, mwanangu. Kata, lakini kata chini ya kifundo, wala usiniharibie tawi." Katika maneno hayo machache yamo mafundisho ya kwanza ya kazi yenyewe.

Kijiti kizuri si kile kichanga cha ncha, wala si cha mti mkavu wa shina, bali ni cha katikati, kilichoanza kukomaa. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 watosha. Hukatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini huondolewa, na juu hubakizwa mawili au matatu tu, ili kijiti kisipoteze maji. Kisha huchomekwa katika mkebe uliotobolewa chini, wenye mchanga uliochanganywa na mbolea iliyooza, na kuwekwa kivulini. Udongo uwe na unyevu siku zote, lakini maji yasisimame. Baada ya majuma kadhaa majani mapya huchipua, na hiyo ni dalili kwamba mizizi imeshika.

Wakati mzuri wa kuhamisha mche ni mwanzo wa mvua ya masika, ili upate miezi mingi ya kukua kabla ya kaskazi. Shimo lichimbwe pana, na udongo uchanganywe na samadi iliyokwisha oza. Jambo hili lina maana kubwa katika mji wa Mombasa, kwa sababu ardhi yake nyingi ni ya mawe ya matumbawe, nayo ina chokaa tele. Katika udongo wa chokaa mmea hushindwa kupata madini ya chuma ya kutosha, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na mmea ukazidi kudhoofika. Dawa yake ni kuulisha udongo kwa samadi na majani makavu yaliyotandazwa shinani, ambayo pia huzuia jua lisikaushe ardhi.

Haibiskasi ya petali zilizochanika hupenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kama alivyozoea mzazi wake msituni. Isipandwe mahali panapopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari wenye chumvi. Kwa kuwa maua hutoka katika matawi mapya, hupogolewa kidogo kila mwaka. Lakini mwenye kuikata kila juma kama ua wa mchongoma asitazamie kuona hata ua moja, kwa maana anakata machipukizi pamoja na vitumba vyake. Tena ni vyema ipandwe mahali palipoinuka, au kando ya kibaraza, ili maua yaninginiayo yaonekane kutoka chini.

Adui zake ni vidukari, na wadudu weupe wenye kufanana na pamba ambao hujikusanya penye vifundo. Wakionekana mapema, maji yenye sabuni kidogo na kitambaa vyatosha kuwaondoa. Vitumba vikianguka kabla ya kuchanua, aghalabu sababu ni udongo kukauka kabisa kisha kuloweshwa ghafula. Maji kidogo ya kila mara ni bora kuliko mafuriko ya mara moja kwa juma.

KUPIGA PICHA YA UA LA SIKU MOJA

Ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja. Hufunguka asubuhi, huwa katika uzuri wake wote kabla ya adhuhuri, na jioni hujikunja. Kesho yake huonekana limelala chini ya kichaka. Kwa sababu hiyo watu wengi waliolima maua haya hupenda kuyapiga picha. Na kazi ambayo Kirk na vioo vyake hakuiweza, leo yaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye simu ya mkononi.

Hata hivyo simu haimwondolei mtu kazi ya kufikiri. Saa nzuri ni tangu saa moja hadi saa tatu ya asubuhi, wakati nuru ingali laini na upepo haujaamka. Jua la adhuhuri huharibu picha ya ua jekundu. Rangi nyekundu huizidi nguvu kamera, na ile michano yote ya petali hupotea ikawa kama doa la rangi lililomwagika. Siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua. Kama jua limekwisha panda, mtu wa pili na asimame akiwa ameshika shuka nyeupe juu ya ua ili kulitilia kivuli chepesi. Katika simu, mpiga picha aguse ua lenyewe kwenye kioo, kisha apunguze mwanga kidogo mpaka michano ya petali ionekane.

Kosa lililozoeleka ni kupiga picha hali mtu amesimama, akiliangalia ua kutoka juu. Ua lililoning'inia, likitazamwa kutoka juu, halionyeshi ila kikonyo na mgongo. Yapasa mpiga picha apige magoti, kamera iwe sawa na ua au chini yake kidogo, na nyuma ya ua pawe mahali penye kivuli au majani ya mbali, si ukuta mweupe wala kamba ya nguo. Kikonyo kikitikiswa na upepo, fimbo nyembamba iliyochomekwa ardhini na kufungwa kwa uzi hukituliza. Na mwenye subira akikaa kimya, huenda akamwona chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akija kunywa utamu wa ua. Picha ya chozi juu ya haibiskasi yake ya asili ina thamani kuliko picha mia za ua pekee.

Picha ikiisha kupatikana, iandikwe tarehe, mahali, na jina la mmea. Kazi hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha pambo na ushahidi. Picha iliyopigwa kando ya kijito cha Kwale, ikiwa na tarehe yake, humwambia mtaalamu kwamba mmea huo ungali hai mahali hapo mwaka huo. Picha isiyo na maandishi haimwambii neno. Mwalimu anayewafundisha watoto kuandika habari hizi chini ya picha zao anawafundisha kilimo, jiografia na historia kwa pamoja.

Jina nalo lina haki yake. Mwenye kitalu anayeandika kwenye mkebe kuwa mche huu ni wa Japani hafanyi hila. Amefuata tu alichokisikia. Lakini mnunuzi akiisha kuamini kwamba ua hili ni la ng'ambo, hawezi kuona sababu ya kuutunza msitu ulio nyuma ya kijiji chake, kwa kuwa anadhani humo hamna kitu cha thamani. Mtoto aliyekua akijua kwamba taa ile nyekundu iliyo barazani ilizaliwa katika misitu ya nchi yake, ikasafiri mpaka Kew na Hawaii, atauangalia msitu huo kwa jicho jingine. Kibao kidogo kwenye mkebe wa mche, chenye maneno "Haibiskasi ya Pwani ya Afrika ya Mashariki", hakigharimu kitu, na kitakuwa kimesema kweli.